MRI ya mara moja haitoshi kwa mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii mkiweza iacheni ilivyo. Mimi nafanya kazi chumba cha picha hospitalini, sisi ndo mnaotuita watu wa eksirei hata kama mtu siku nzima yuko kwenye MRI, ile mashine inayopiga picha kwa sumaku. Siyo daktari na ripoti siandiki mimi, kazi yangu ni kumlaza mgonjwa vizuri, kupanga mashine na kuhakikisha picha imetoka inasomeka.

Kila nikisoma gazetini kwamba hospitali fulani imepata mashine mpya, utepe umekatwa, viongozi wamepiga picha mbele ya mashine ya kupiga picha, nafurahi kwa kweli. Zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilipeleka siti skani (mashine ya eksirei inayopiga picha za vipande vya mwili) hospitali za rufaa za mikoa ambako zamani mgonjwa alikuwa anapakiwa kwenye basi mpaka Dar, Mwanza au Moshi kwa ajili ya picha tu. Sibezi hata kidogo. Lakini kuna kundi moja la wagonjwa ambalo mashine peke yake haiwasaidii kama hatubadilishi namna ya kuitumia, nao ni watoto wenye uvimbe kwenye ubongo. Kwetu MRI inachukuliwa kama kipimo cha kujibu "upo au haupo", ukishaonekana basi kazi imeisha, karatasi inaingia kwenye faili. Wakati kwa hawa watoto picha ndo inayoongoza tiba kuanzia siku ya kwanza mpaka miaka kadhaa baadaye, na ukiruka moja katikati, daktari anabaki anakisia na anayelipa gharama ya huko kukisia ni mtoto.

Nianze na wanavyofika. Mtoto anatapika asubuhi akiamka, akishatapika anapata nafuu anaenda shule, mchana yuko fresh kabisa, kesho tena. Anapimwa malaria, anapewa dawa. Anapimwa taifodi, anapewa dawa, anapewa na za minyoo. Baadaye anaanza makengeza anaandikiwa miwani, anaanza kuyumba watu wanasema mvivu au karogwa, akifika kwetu kaka yake kambeba mgongoni na siti skani inaonyesha maji yamejaa kichwani na bonge la uvimbe nyuma. Siwalaumu wazazi, wengi nawaona wamezunguka vituo vingi kabla hawajafika kwetu. Uingereza nako walikuwa wanachelewa, mpaka mwaka 2011 wakaanzisha kampeni inaitwa HeadSmart ya kuwafundisha wazazi na madaktari wa kawaida dalili hizi, na muda wa kugundua ukapungua kwa karibu nusu. Kampeni kama ile hapa kwetu haihitaji mashine yoyote, inahitaji bango kwenye kliniki ya mama na mtoto na utepe wa kupimia kichwa cha mtoto mchanga ambao tayari upo kwenye droo ya nesi.

Haya, siti skani imeonyesha uvimbe. Hapo wengi wanadhani tumeshajua ugonjwa, na hatujajua. Siti skani ni nzuri kwa dharura, inachukua dakika chache, inaonyesha maji, inaonyesha damu, daktari anaweza kuamua kuweka mpira wa kutoa maji usiku huohuo na ikaokoa maisha. Tatizo ni kwamba uvimbe wa watoto sehemu kubwa unakaa nyuma chini, juu kidogo ya shingo, karibu na njia ya maji ya ubongo, na hilo eneo limezungukwa na mifupa minene ambayo kwenye siti skani inaharibu picha kwa michirizi. Pale ndo MRI inapotakiwa, tena siyo MRI yoyote.

Ngoja niwaonyeshe kitu kimoja tunachokiona sisi kwenye skrini. Kuna sehemu ya uchunguzi inaitwa difyusheni. Maji ndani ya mwili hayatulii, yanatembea muda wote, na mashine ina uwezo wa kupima yanatembea kwa uhuru kiasi gani. Kama uvimbe ni wa seli zilizobanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, maji hayana pa kupita, na kwenye ramani inayoitwa ADC eneo lile linatoka jeusi. Kama seli zimeachana na kuna nafasi, linatoka jeupe. Sasa watoto wawili wanaweza kuja na uvimbe mahali palepale, ukubwa uleule, dalili zilezile, mmoja ramani nyeusi mwingine nyeupe. Yule wa nyeusi mara nyingi ni medulloblastoma, kansa kali inayopenda kusambaa kwenye uti wa mgongo. Yule wa nyeupe mara nyingi ni astrositoma ya pilositiki, ambayo ni daraja la 1, yaani siyo kali, na ikitolewa yote kwa kisu mtoto anaweza asihitaji mionzi wala kemo, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaishi miaka mingi tu. Jibu la mwisho linatoka maabara baada ya kinyama kupimwa, hilo sibishi, na kuna uvimbe mwingine unakaa katikati hauko huku wala huku. Lakini difyusheni ni suala la dakika chache, haihitaji dawa ya kung'arisha picha, haihitaji mashine ya ajabu, ipo kwenye MRI ya kawaida kabisa ya Tesla 1.5 (ndiyo nguvu ya sumaku yake). Na bado kuna filamu nyingi za watoto zinaletwa kwetu toka sehemu mbalimbali hakuna difyusheni, mtu alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, au fomu ya daktari imeandikwa maneno mawili tu, "MRI brain".

Hiyo fomu nayo ni ugonjwa. Daktari akiandika "mtoto wa miaka 6, uvimbe nyuma ya ubongo, je umefika mgongoni?" mimi najua nini cha kufanya, nitapiga kichwa na mgongo mzima kwa mkupuo mmoja wakati mtoto kalala. Akiandika "MRI brain" nitapiga kichwa, mtoto ataamka, atarudi wodini, halafu wiki mbili baadaye mtu anakumbuka mgongo na bima inasema kibali kingine, dawa ya usingizi nyingine, kufunga kula kwingine. Mgongo unatakiwa upigwe kabla ya upasuaji kama inawezekana, kwasababu baada ya kisu damu inashuka mgongoni na inaweza kufanana na kansa iliyosambaa, hapo inabidi usubiri siku 10 mpaka 14 ndo upige upya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana haya mengine naweza kuyasema nikiwa kantini.

Mtoto kafanyiwa upasuaji, daktari katoka anasema tumetoa yote au tumetoa karibu yote. Kule wanakofanya hii kazi kwa utaratibu, mtoto anarudishwa MRI ndani ya saa 72, ikiwezekana saa 48. Kwanini haraka hivyo na mtoto bado ana bandeji? Kwasababu ukichelewa kidonda chenyewe kinaanza kupona na kwenye picha kinang'aa, na uvimbe uliobaki nao unang'aa, hutajua kipi ni kipi. Ndani ya hizo siku tatu bado unaweza kutofautisha. Na tofauti hiyo siyo ya kitabuni. Kwa medulloblastoma kuna mstari umechorwa, mabaki yakiwa chini ya sentimita mraba 1.5 na mgongo ni msafi, mtoto wa zaidi ya miaka 3 anaingia kundi la hatari ya kawaida. Yakizidi hapo au mgongo umeguswa anaingia hatari kubwa. Wa kundi la kwanza anapigwa mionzi kichwa kizima na mgongo mzima kiasi cha gray 23.4 (gray ni kipimo cha mionzi), wa kundi la pili gray 36, kisha wote wanaongezewa pale uvimbe ulipokuwa.

Mtu anaweza kuona hizo ni namba tu. Ubongo wa mtoto wa miaka 6 bado unajengwa. Mionzi inayomponya ndo hiyohiyo inayompunguzia kumbukumbu, inamfanya awe mzito kuelewa darasani, inagusa tezi ya homoni anabaki mfupi, inagusa mgongo haukui sawasawa, na kadiri kipimo kinavyopanda ndo madhara yanavyopanda. Kwa hiyo kati ya 23.4 na 36 kuna mtoto atakayemaliza darasa la saba na wenzake na kuna mtoto atakayehitaji msaada maisha yake yote. Na kinachoamua upande gani aende ni picha ambayo ilitakiwa ipigwe siku ya pili baada ya upasuaji na haikupigwa, mzazi kaambiwa "nendeni nyumbani, mkirudi kliniki mwezi ujao mje na MRI". Anakuja nayo, imepigwa kituo kingine, kuna doa linang'aa, madaktari wanakaa kikao, hakuna wa kusema kama ni kovu au mabaki. Ukiwa daktari wa mionzi kwenye hali hiyo utafanyaje? Utaogopa kupunguza. Mimi ningeogopa.

Naomba nieleweke, sisemi kuna mtu mzembe. Hospitali nilizofanyia kazi watu wanajitahidi kupita uwezo wao. Tatizo liko kwenye namna gharama zilivyopangwa, picha ya baada ya upasuaji inahesabiwa ni kipimo kipya kinachohitaji kibali kipya, na kibali hakijui saa 72. Mzazi anayelipa taslimu ndo kabisa, ameuza ng'ombe kwa ajili ya upasuaji, ukimwambia kuna MRI nyingine kesho kutwa anakuangalia tu.

Kuna picha nyingine za kitaalamu zaidi ambazo sizidai leo ila watu wazijue. Kuna traktografia, inachora njia za nyuzi za ubongo ili daktari ajue kisu kipite wapi, kuna MRI ya utendaji inayoonyesha eneo la kuongea au kusogeza mkono kwa mtoto mkubwa anayeweza kufuata maelekezo. Nchi zenye uwezo kuna vyumba vya upasuaji vyenye MRI ndani, mtoto anapigwa picha kichwa bado kimefunguliwa, wakiona mabaki wanaendelea. Hata mahali uvimbe ulipokaa panadokeza kitu, medulloblastoma ina makundi manne ya kijenetiki na yanapenda sehemu tofauti, iliyokaa pembeni haifanani na ya katikati, na kwa sehemu ambazo hazina maabara ya jenetiki kidokezo hicho ni afadhali kuliko hakuna.

Na picha ya kabla inamsaidia daktari kumwandaa mama. Karibu mtoto 1 kati ya 4 wanaotolewa medulloblastoma anaamka anaongea vizuri tu, halafu siku moja au mbili baadaye ananyamaza kabisa. Haongei, analia bila kutulia, mwili umelegea. Hii hali inajulikana, mara nyingi sauti inarudi baada ya wiki au miezi japo siyo kama mwanzo, na uvimbe uliokaa katikati na kugusa shina la ubongo ndo una hatari zaidi, kitu ambacho kinaonekana kwenye MRI ya kwanza. Mama aliyeambiwa kabla atakaa na mwanae wodini. Asiyeambiwa nimeshamuona anasaini kuondoka aende kwenye maombi.

Halafu kuna uvimbe ambao picha inasema usiguse. DIPG inaota ndani ya shina la ubongo, kwenye sehemu inayoendesha kupumua na kumeza, imejichanganya na ubongo wenyewe, hakuna cha kukata. Ndo uliomuua Karen, binti wa Neil Armstrong, Januari 1962 akiwa na miaka 2, baba mtu alikuja kukanyaga mwezini miaka saba baadaye. Enzi zile hakukuwa na siti skani, mgonjwa wa kwanza kupigwa siti skani ya kichwa ilikuwa London Oktoba 1971. Leo MRI ikionyesha sura inayojulikana ya ugonjwa huu mtoto anaepushwa na kisu kisicho na faida, anapewa mionzi inayompunguzia dalili na kumuongezea miezi, na familia inaambiwa ukweli mapema. Kuna vituo nje wanachukua kinyama kidogo kwa sindano kutafuta badiliko la jeni lililogunduliwa 2012 ili wajaribu dawa mpya, ni jambo jema, sisi tuanze na kusoma picha sawasawa. Maana hata hapa kuna mtego, baada ya mionzi picha ya miezi ya mwanzo inaweza kuonekana mbaya kuliko kabla, uvimbe umekuwa mkubwa unang'aa, kumbe ni mionzi imewasha eneo na litatulia. Asiyejua anasema tiba imeshindwa.

Kuna watakaosema malaria na nimonia zinaua watoto wengi zaidi, hizi ni anasa. Nimesikia hoja hiyo hata kutoka kwa wenzangu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilianzisha mpango wa saratani za watoto, lengo angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030, na uvimbe wa ubongo wa daraja la chini ni moja ya saratani sita walizozichagua kwa kuanzia, kwa sababu zinatibika. Nchi tajiri wanaponya zaidi ya asilimia 80, nchi nyingi za kipato chetu chini ya 30. Na mtoto aliyekosewa kundi la tiba anatugharimu zaidi kuliko MRI mbili, hesabu hiyo hata mhasibu wa bima anaiweza.

Tena mengi ninayoyataka hayahitaji kununua mashine. Wataalamu wa picha wa SIOP Europe, chama cha Ulaya cha saratani za watoto, wamekubaliana orodha ya chini kabisa ya picha anazotakiwa kupigwa mtoto mwenye uvimbe wa ubongo, na zote ziko ndani ya mashine zetu. Tuichape, tuibandike ukutani kila chumba cha MRI, ianze kesho. Kinachopungua kweli ni watu wa usingizi. Mtoto wa miaka 4 hawezi kulala bila kutikisika nusu saa na zaidi huku mashine inagonga kama imeharibika, inabidi apewe dawa ya usingizi, na mle ndani huwezi kuingiza mtungi wa chuma wala monita ya kawaida, sumaku itavuta. Vinatakiwa vifaa vyake maalumu na mtaalamu wa usingizi anayekaa pale. Utepe ukikatwa mwulizeni kiongozi, mashine ya usingizi inayoingia chumba cha MRI ipo? Kwa watoto wa kuanzia miaka 6 au 7 wengine tunawaweza bila dawa, unamwambia anapanda roketi, unamwekea vifaa vya masikio, unamsikilizisha ule mlio kwenye simu kabla hajaingia, mama anasimama anamshika mguu. Inakubali mara nyingi kuliko mnavyodhani, ila inahitaji muda na foleni haina muda.

Kitu kingine ni WhatsApp. Filamu inashikwa dirishani, inapigwa picha kwa simu, inarushwa kwenye grupu la madaktari, "wakuu maoni yenu". Nashukuru kwamba wanashauriana, lakini mle hakuna ramani ya ADC, hakuna vipimo, vipande viwili vitatu kati ya mamia. Wazazi, popote mnapopiga MRI ya mtoto dai sidii au flashi yenye picha zote, siyo filamu na ripoti tu, na uitunze pamoja na kadi ya kliniki kwasababu picha ya leo bila ya zamani ya kulinganisha ni nusu ya kazi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, na wanaopanga vitita vya huduma najua wanasoma magazeti. Ombi langu kwao, upasuaji wa uvimbe wa ubongo wa mtoto uwe na kitita kimoja chenye picha zake ndani: kichwa na mgongo kabla ya kisu, kichwa ndani ya saa 72 baada ya kisu, halafu za ufuatiliaji kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, pamoja na dawa ya kung'arisha na dawa ya usingizi. Kibali kitoke mara moja, siku ya upasuaji, na sisi wa chumba cha picha tujue mtoto wa keshokutwa ni nani ili tumwachie nafasi yake.

Mtumishi wa radiolojia (jina langu lihifadhiwe),
Dar es Salaam